Taa ya Shimoni Niliyoiwasha Mwenyewe

Nianze kwa kusema wazi kwamba nimeaibika, tena siyo aibu ya kuchekwa na mtu mmoja wawili nyuma ya nyumba, nimeaibika mbele ya Ubaruku nzima, wakulima, wafanyakazi, akina mama wauza maandazi, Wasukuma waliokuja kuchukua pumba za ng'ombe, hata mwalimu wa kwaya alikuwepo, kwa hiyo najua habari itafika Iringa kabla yangu na itafika imeongezwa chumvi, ndiyo maana naona afadhali niieleze mwenyewe. Mkicheka mcheke tu. Ila mjue kwamba siku ile mimi sikucheka hata kidogo.

Mnajua tangu nimalize form four nafanya kazi huku kwenye kinu cha mpunga, kwenye chumba cha swichi (nyumbani Ipogolo mama anawaambia watu mimi ni injinia, naomba msimsahihishe). Chumba chenyewe ni kidogo, joto, na ukutani kuna ubao mkubwa wa bati wenye taa ndogondogo, kila mashine na taa yake, ya kukoboa, ya kupepeta, ya mkanda, wageni waliotujengea kinu ndio waliozifunga. Mimi nakaa kwenye kiti nazitazama kutwa, taa ikibadilika nafanya nilivyofundishwa, basi, uinjinia wenyewe ndiyo huo.

Sasa katika taa zote kuna moja nyekundu, ya shimoni. Matrela yanakuja yanamwaga mpunga kwenye shimo kubwa lililojengwa kama faneli ya mafuta ya taa, juu pana chini pembamba, na chini yake kuna kichumba ambamo mkanda wa vindoo unachota mpunga na kuupandisha kwenye mashine. Mpunga ukikwama, mtu anashuka kwenye hicho kichumba kwa mlango mdogo wa pembeni, mara nyingine inabidi apande kabisa ndani ya faneli kuusukuma na mti, na kabla hajagusa chochote lazima azungushe swichi iliyo ukutani. Akiizungusha, mkanda unasimama na kwangu taa nyekundu inawaka, maana yake kuna mtu shimoni. Nikiiona tu napiga kengele ili matrela yasimwage. Taa ile hakuna anayebishana nayo. Siku ya kwanza kazini Mzee Ambokile, fundi mkuu, Mnyakyusa mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alinisimamisha mbele yake akaniambia, "Gwe mwanangu, zingine zote ni taa. Hii ni roho ya mtu." Nikaitikia ndiyo mzee huku nafikiria chakula cha mchana.

Tatizo langu mimi situlii. Mtu akinikalisha kutwa natazama taa, mwisho nitaanza kujiuliza zinawakaje. Nyuma ya ubao kuna kabati, ndani yake kuna vidude vya chuma vimepangwa kama meno, mzee anaviita rilei, na siku moja nikiwa peke yangu nikaona kwamba ile swichi ya shimoni haiwashi taa yenyewe hata kidogo. Swichi inakiamsha kidude, kidude kinajibonyeza, tak, na kidude ndicho kinachowasha taa na kusimamisha mkanda. Nikakibonyeza kwa kidole. Taa ikawaka, mkanda ukasimama kidogo, nikaachia, ukaendelea. Yaani taa inakisikiliza kidude tu, mtu haimjui. Nilijiona nimegundua kitu kikubwa sana, wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Na anayeshuka shimoni kila siku ni Gama. Gama ni Mngoni wa Songea, mfupi, mpana, ana mke na mtoto wa kike, na mimi ni Mhehe, kwa hiyo mnaelewa wenyewe, watani wa jadi, hatuamkiani kwa shikamoo wala habari. Asubuhi akinipita dirishani anasema, "Mhehe, mbwa wa mwenyekiti haonekani, fungua mdomo nikukague." Mimi namjibu, "Shuka shimoni Mngoni, ndiko mlikozoea kujificha." Tukimaliza kutukanana hivyo jioni ananiita kwake tunakula ugali kwa dagaa, na mke wake, Mama Faraja, ananiongezea mboga kwa sababu anasema nimekonda.

Basi ikaja Jumamosi. Kulikuwa na lori la mchele linaondoka jioni kwenda Iringa na dereva aliniahidi kiti, na Jumapili baada ya ibada nilikuwa nimeahidiana na Tumaini, yule wa pale Ipogolo karibu na daraja, kwamba nitakwenda kuwasalimu kwao. Kwa mara ya kwanza. Wazazi wangekuwepo. Nilishafua suruali. Lakini foleni ya mpunga siku hiyo ilikuwa haiishi, trela likitoka trela linaingia, na kinu hakifungwi mpaka foleni iishe, na nikichungulia dirishani namwona dereva wa lori anafunga turubai, mara anakagua matairi, mara anakunywa chai amesimama, na mtu anayekunywa chai amesimama ni mtu anayeondoka.

Ndipo likanijia wazo. Nilikuwa nimeona kwamba shimo likikwama jioni, Mzee Ambokile anatazama jua, anashusha pumzi, anasema basi, tutamaliza Jumatatu. Nikasema kumbe rahisi tu, taa ya shimoni iwake dakika chache, mkanda usimame, mzee ashushe pumzi, mimi nipande lori. Nani ataumia. Nikavunja njiti ya kiberiti, nikafungua kabati, nikaichomeka kwenye kile kidude kibaki kimebonyea. Tak. Taa nyekundu ikawaka, mkanda ukasimama, nikafunga kabati nikarudi kukaa kwenye kiti na uso wa mtakatifu.

Sikupiga kengele. (Hapa ndipo nataka msikilize vizuri.) Ningepigaje kengele ya kuwazuia watu wasimfukie mtu ambaye najua hayupo, kwangu taa ile ilikuwa uongo, na mtu akishajua kwamba kitu ni uongo anasahau kwamba wenzake hawajui. Nje trela lilikuwa limeshakaa tayari, wakafungua mlango wa nyuma, na mpunga wote ukashuka shimoni kwa kishindo. Wakati huohuo mlango wangu ukafunguka akaingia Mzee Ambokile kuuliza mkanda una nini.

Akaiona taa. Akausikia mpunga unavyomwagika.

Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukibadilika namna ile, ulikuwa kama umemwagiwa majivu. Akaniuliza polepole, "Nani yuko shimoni?"

Hapo ndipo ningesema. Ilikuwa sentensi moja tu, mzee hakuna mtu nilikuwa nacheza, ningetukanwa, labda ningefukuzwa, yakaisha. Mdomo ukafunguka wenyewe ukasema, "Sijui mzee."

"Hukupiga kengele."

"Sijui mzee," nikasema tena, kama kasuku.

Akatoka mbio, na mzee yule huwa hakimbii, akapiga kelele mtu kafukiwa, mtu yuko shimoni, zimeni mashine. Kinu kizima kikanyamaza. Watu wakatoka kila upande, mzee akawa anaita majina pale uwanjani, huyu naam, huyu nipo mzee, huyu nipo, mpaka alipoita Gama. Kimya. Akaita tena. Kimya. Kila mtu akatazama shimo.

Mimi bado sikuwa na hofu kubwa, ngoja niseme ukweli, nilikuwa na hofu ya kufukuzwa tu, kwa sababu nilijua Gama hayumo, nikawaza atakuwa amekwenda mferejini kunawa vumbi maana linawasha, atatokea sasa hivi. Nikataka kurudi ndani haraka niitoe ile njiti, taa izime, waseme katoka. Lakini mzee akanishika mkono, "Kimbia stoo, leta madebe yote, leta mabeleshi hapana, mabeleshi yatamkata, leta madebe." Nikakimbia stoo, stoo imefungwa, nikamtafuta mwenye ufunguo, nikarudi na madebe, nikakuta watu wamejaa ndani ya faneli wanachota mpunga kwa mikono, kwa kofia, kwa khanga. Wasukuma wa pumba wameacha mikokoteni wanachota. Na Mama Faraja amefika, amesimama ukingoni na mtoto mgongoni, halii, anaangalia tu, amejishika kichwa kwa mikono miwili.

Gama alikuwa bado hajatokea.

Nikaponyoka nikaingia chumba cha swichi, nikafungua kabati, nikaichomoa njiti. Taa haikuzima.

Nikatazama vizuri. Kile kidude kilikuwa bado kimebonyea, peke yake, hakuna njiti, hakuna kidole. Nikakisukuma juu kwa kucha, taa ikazima, nikaachia, tak, kikarudi chini na taa ikawaka. Nikarudia. Tak. Nikarudia tena mpaka nikaogopa kukigusa. Jamani, kile kidude kilikuwa kinashikiliwa na umeme wa swichi. Maana yake kule chini, chini ya mpunga wote ule, kuna mtu kazungusha swichi kwa mkono wake.

Ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa. Nikaona yote kama picha, kwamba mkanda uliposimama kwa njiti yangu, Gama akadhani mpunga umekwama, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake, akashuka, akazungusha swichi kama mtu mwenye adabu ya kazi, akapanda kwenye faneli na mti wake, na hakusikia kengele kwa sababu mimi sikuipiga, na trela likammwagia. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwita shimoni na mimi ndiye niliyemfukia. Nilikaa chini sakafuni. Mikono ilikuwa baridi kama asubuhi ya Makambako.

Na mkisema kwa nini hukutoka ukatangaza ukweli hapohapo, nisikilizeni kwanza. Nikitoka nikasema taa ile niliiwasha mimi kwa njiti, watasema ah, kumbe hakuna mtu, wataacha kuchota. Na yeye yumo. Nikiwaambia niliiwasha mimi lakini sasa inawaka yenyewe, nani ataelewa maneno hayo, nani ataendelea kumwamini mtu aliyekwisha kusema sijui mara mbili. Nilikuwa nimeiharibu taa ile kabisa, hata ikisema kweli haina shahidi ila mimi, na mimi ndiye mwongo. Basi nikaona lililobaki ni kuchimba.

Nikaenda kwenye ule mlango mdogo wa pembeni, wa kichumba cha chini, nikashuka ngazi. Giza, vumbi kama moshi. Nikamkuta mtu mmoja mle ndani, kajifunika gunia kichwani mpaka mabegani na kitambaa puani kwa sababu ya vumbi, anauvuta mpunga kutoka kwenye mdomo wa faneli kwa mikono miwili kama mbwa anayefukua. Nikafurahi kuona kuna mwingine aliyefikiria kuingilia chini. Nikapiga magoti pembeni yake nikaanza kuvuta.

Tulivuta sana. Mpunga unakata, vidole vilianza kutoka damu, na kila ninachokivuta nategemea kushika mguu. Nikawa nalia, sikujua nalia mpaka yule mtu aliponiambia kwa sauti iliyokwama kwenye kitambaa, "Acha kulia, vuta."

Nikavuta huku nalia.

"Ni nani huyu?" akauliza. "Aliyefukiwa ni nani?"

Nikaendelea kuvuta. Nikitamka jina nilijua itakuwa kweli. Juu yetu watu walikuwa wamechota sana, mwanga ukaanza kupenya kidogo kwenye mdomo wa faneli, na kelele zikapungua maana walikuwa wanasikilizia kama kuna sauti, Mzee Ambokile aliwanyamazisha wote. Mimi hilo sikulijua. Mimi niliona tu kimekuwa kimya, na kwenye kimya kile nikashindwa kuvumilia, nikamgeukia yule mtu wa gunia nikayatapika yote.

"Ndugu yangu, ni mimi," nikasema. "Taa niliiwasha mimi. Nilichomeka njiti kwenye rilei ili kazi iishe mapema, kengele sikupiga, mzee nilimdanganya, nilitaka kwenda Ipogolo kumwona Tumaini na suruali nimeshafua, na sasa nimemuua Gama, mtani wangu, mtu aliyenilisha, mkewe ananipa mboga, na mimi ndiye niliyemla yule mbuni aliyebaki chunguni Jumatano mkewe akamsingizia mtoto."

(Siyo mbuni, alikuwa kuku. Nilichanganyikiwa nikasema mbuni. Hata hilo sasa hivi naulizwa njiani, mbuni ulimpata wapi.)

Sasa mjue faneli ile ukisemea chini inafanya kazi kama spika ya mkutano. Kila neno lilipanda juu na kumwagikia uwanja mzima.

Yule mtu aliacha kuvuta. Halafu akauliza, "Gama yupi?"

"Gama," nikasema. "Gama wetu."

Akavua gunia. Akavua kitambaa. Kwenye ule mwanga kidogo nikauona uso mweupe wa vumbi na macho mekundu, na mimi sikuona mtu hapo, niliona maiti imekaa inanitazama, nikapiga ukelele ambao nimeambiwa ulisikika mpaka kwenye mfereji, nikarudi nyuma nikagonga kichwa kwenye chuma cha mkanda.

"Mhehe," maiti ikasema, "nimechimba nusu saa najitafuta mwenyewe."

Na kule juu sauti ya Mama Faraja, ambaye muda wote hakuwa amelia, ikasema, "Huyo ni baba Faraja anayeongea," kisha ndiyo akaanza kulia, na wanawake waliokuwa ukingoni wakakimbia kwa sababu mtu aliyekwisha kufa alikuwa anaongea kutoka chini ya mpunga.

Kumbe ilikuwa hivi. Gama alikuwa kweli mferejini ananawa. Akasikia kelele kwamba kuna mtu kafukiwa, akaja mbio kwa upande wa nyuma, hakupita uwanjani, hakuuliza nani, akajifunika gunia akashuka moja kwa moja kwenye kichumba, kwa sababu lile ni shimo lake. Na aliposhuka akafanya kile anachofanya kila siku kabla hajagusa kitu, akazungusha swichi. Ndiyo maana nilipochomoa njiti taa haikuzima. Taa ilikuwa inasema kweli tupu, kuna mtu shimoni, na mtu mwenyewe ni Gama, na aliingia kwa sababu taa yangu ya uongo ilisema kuna mtu. Mtu mwenye form four nzima, aliyegundua rilei kwa kidole chake, alipiga magoti pembeni ya mtu aliyewasha ile taa na hakujiuliza nani kaiwasha.

Nilipotoka kwenye ule mlango mdogo watu walikuwa wamejipanga pande mbili kama wanasubiri bwana harusi. Wengine walikuwa wanacheka mpaka wanashikana, Msukuma mmoja alikuwa amekaa chini kabisa. Lakini Mzee Ambokile hakucheka. Vidole vyake vilikuwa vimechubuka kama vyangu. Nikamwambia shikamoo mzee (sijui kwa nini, tulishaamkiana asubuhi), akaniambia, "Marahaba. Nenda kakae kwenye kiti chako." Basi. Nilisubiri anifukuze, nikasubiri anitukane, nikaona angenipiga ingekuwa nafuu. Lori nalo likaondoka bila mimi, dereva alichimba pamoja na wengine, akasikia habari za suruali, akaondoka nazo kwenda Iringa.

Gama amenisamehe kwa namna yake. Jioni ile alinipeleka kwake akaniambia kwa watani mtu aliyemlilia mwenzake akiwa hai amejitoza faini mwenyewe, na Mhehe kumlilia Mngoni namna ile, kwa machozi na kwa kupiga magoti, ni jambo ambalo atawasimulia wajukuu. Mama Faraja alinipa mboga lakini hakuongeza.

Kinachoniuma siyo kucheka kwao. Jumatatu mchana taa nyekundu iliwaka. Mkanda ukasimama, nikapiga kengele kwa nguvu zote, na nje sikuona mtu akishtuka. Watu wa trela walitazama dirisha langu, wakatazamana, mmoja akawa bado ameshika komeo la mlango wa mpunga. Mzee Ambokile akamwambia kijana mmoja, "Nenda kachungulie kama kweli kuna mtu." Miezi yote niliyokaa hapa sikuwahi kusikia maneno hayo yakisemwa juu ya taa ile. Tangu siku hiyo Gama hashuki mpaka asimame kwanza uwanjani apaze sauti, mimi Gama nashuka, mnione, na akitoka anapaza sauti tena. Anafanya kama utani na watu wanacheka. Mimi nimemwona akishuka, anapofika ngazi ya tatu hacheki.

Kwa hiyo kwa Tumaini nitakwenda nitakapopewa ruhusa, kama bado ananitaka, na kabati la nyuma nimeapa sitalifungua tena maisha yangu yote hata likiungua moto. Siku hizi taa ile ikiwaka napiga kengele, kisha naondoka kwenye kiti natoka nje, nasimama mwenyewe mbele ya mdomo wa trela na mikono nimeipanua, wanitukane wanavyotaka, sitoki pale mpaka nione kichwa cha Gama kinatokea mlangoni kwa macho yangu.